Supu ya nyanya iliyofika kwa sanduku

Safu ya Mama wa Lishe, Bukavu: wasomaji wanauliza kuhusu chakula, naye anawajibu.

SWALI: Mama, jambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kadutu. Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kutusalimia kutoka Ubelgiji, akapitia Kigali, akafungua sanduku na kutoa makopo 12 ya supu ya nyanya. Alisema ni ya baba mkwe, ambaye tunakaa naye, kwa sababu meno yamemwisha na chakula kigumu kinamshinda. Mzee ameipenda mno. Jioni moja anamaliza kopo zima, na kitinda mimba wangu wa miaka miwili anakula kando yake. Shida ni kwamba mzee ana tansio, yaani shinikizo la damu. Halafu kijana wangu anayesoma sekondari ananiambia makopo haya yanaharibu dunia, ni heri ninunue nyanya za sokoni. Nimenakili maandishi ya kwenye kopo. Kwa kila gramu 100: kalori 50, protini gramu 0.8, sukari gramu 5, chumvi gramu 0.6. Kopo lina gramu 400. Je, hiki ni chakula kizuri? Na huyu kijana anasema kweli?

JIBU: Binti yangu, miaka yote niliyofanya kazi katika kituo cha afya nilihangaika kuwafundisha akina mama jambo moja, na wewe umelifanya bila kuambiwa: umegeuza kopo na kusoma mgongo wake. Picha ya mbele ni ya kuuzia tu. Ukweli umeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo.

Tuzidishe mara nne, kwa kuwa mzee anamaliza kopo. Anapata kalori 200, protini gramu 3.2, sukari gramu 20 na chumvi gramu 2.4. Hiyo sukari isikutishe yote, maana karibu nusu yake nyanya imezaliwa nayo. Nusu nyingine imetiwa kiwandani ili kuvunja uchachu. Chumvi ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini, nikaenda jikoni. Nilipima gramu 2.4 kwenye mizani yangu ndogo, nikaimimina katika kijiko cha chai. Ilikaribia nusu ya kijiko. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, na hapo wanamsema mtu mzima wa afya. Mzee wako anakula karibu nusu ya kiasi hicho katika bakuli moja la jioni, na bado hujahesabu sombe (majani ya mihogo) ya mchana, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa kwa chumvi, na kile kidonge cha kutia ladha mchuzini, ambacho zaidi ya nusu yake ni chumvi.

Wala sikuambii umnyang'anye. Mtu aliyepoteza meno hupoteza na hamu, na akipata chakula anachokifurahia, hiyo nayo ni dawa. Mpe nusu ya kopo. Nusu nyingine ya bakuli iwe maji mazito ya maharage uliyoyapika bila chumvi na kuyaponda. Siku hiyo sahani yake nyingine isiguswe na chumvi wala kidonge. Na kama daktari aliwahi kumwambia kwamba figo zake ni dhaifu, kamuulize kwanza kuhusu nyanya zenyewe, hata zile mbichi, kwa kuwa zina potasiamu nyingi. Kwa mwenye tansio na figo nzima potasiamu ni rafiki. Kwa mwenye figo mbovu inaweza kumdhuru.

Kuhusu mtoto, hapa nataka unisikilize vizuri. Kopo zima lina protini gramu 3.2. Yai moja lina gramu 6. Yaani huyo mtoto angemaliza kopo lote, jambo lisilowezekana kwa tumbo lake, angepata nusu yai. Mtoto wa umri wake anahitaji takribani gramu 13 kila siku. Supu hiyo inamjaza maji mekundu matamu, anasukuma bakuli la maharage, nawe unafikiri ameshiba. Nimewaona watoto wa bwaki, ule utapiamlo wa kukosa protini, binti yangu. Nimewavua soksi nikabonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki shimo. Wengi wao hawakuwa na njaa ya tumbo. Walikuwa wakipewa kila siku kitu laini chenye kushibisha, mara uji mwepesi, mara chai ya sukari na mkate. Ugonjwa huu tunaujua huku Bushi, eneo linalozunguka Bukavu, kiasi kwamba jina lake limeingia katika jina la shirika, Comité Anti-Bwaki, lililoanzishwa hapa hapa Bukavu. Kwa hiyo mtoto aonje supu ya babu vijiko viwili vya upendo, kisha ale chakula chake.

Sasa niitendee supu haki, maana ina lake jema. Wekundu wa nyanya unatokana na kitu kiitwacho likopeni, nacho huusaidia mwili kujilinda. Katika nyanya mbichi likopeni imefungiwa ndani ya kuta ngumu. Moto huzivunja kuta hizo, na mafuta ndiyo yanayoibeba kuiingiza mwilini. Ndiyo maana nyanya iliyopikwa na kutiwa mafuta inakupa likopeni zaidi kuliko kachumbari. Ile tunayoita tomati ya kopo, yaani nyanya iliyokaushwa maji mpaka ikawa nzito, ina likopeni karibu mara kumi ya nyanya mbichi yenye uzito huo huo. Vitamini C ndiyo inayoumia kwa moto. Na usichanganye likopeni na vitamini A, si kitu kimoja. Ukitaka vitamini A, tia kijiko cha mawese yasiyochomwa mpaka yakapoteza rangi, na hapo hapo umeipatia likopeni mafuta ya kuibeba.

Jambo moja kuhusu kopo lenyewe kabla sijafika kwa kijana wako. Nimeona watu wakitoboa kopo na kuliweka moja kwa moja juu ya mbabula, jiko letu la mkaa. Usifanye hivyo. Ndani limepakwa utando ili uchachu wa nyanya usile chuma. Kwa miaka mingi utando huo ulitengenezwa kwa kemikali iitwayo bisifenoli A, inayochezea homoni za mwili. Ufaransa iliipiga marufuku katika vyombo vya chakula tangu Januari 2015, na Umoja wa Ulaya ukaamua kuipiga marufuku mwishoni mwa 2024, huku viwanda vikipewa muda wa kubadilisha. Makopo ya zamani bado yanazunguka. Mimina supu katika sufuria. Ikibaki, ihifadhi katika bakuli la kioo au la plastiki lenye kifuniko, kwa sababu kopo likishafunguliwa hewa inaingia, uchachu unaanza kulamba bati, na kesho yake unasikia ladha ya chuma ulimini.

Haya, kijana wa sekondari. Mpe pongezi zangu, kwa sababu anafikiri. Lakini amelitazama kopo, akasahau mbabula.

Nilichukua kopo tupu la mbaazi la gramu 400, nikalipima: gramu 55 za chuma. Kufua kilo moja ya chuma kipya hutoa takribani kilo 2 za hewa ya kaboni, ile inayozidisha joto la dunia. Basi kopo hilo ni gramu 110, tuseme 150 ukijumlisha bati na kazi ya kiwanda. Sasa njoo kwenye makala, yaani mkaa. Kilo moja ya makala ikiungua inatoa karibu kilo 3 za hewa ya kaboni, na hapo sijahesabu moshi wa tanuri kule yalikochomwa, wala miti: tanuri letu la udongo linakula kilo 5 hadi 8 za kuni ili kutoa kilo moja ya makala. Jumamosi nilipima tena. Nilichemsha kilo moja ya nyanya za soko la Mudaka mpaka zikawa mchuzi mzito, sufuria wazi, kama tulivyozoea. Dakika 50. Nilipima makala kabla na baada, yalikuwa yamepungua gramu 420. Siku iliyofuata nikapika mchuzi wa kiasi hicho kwa tomati ya kopo na maji: dakika 15, gramu 150. Tofauti ni gramu 270 za makala, yaani karibu gramu 800 za kaboni. Makopo matano kama lile la mbaazi hayafiki hapo!

Ni kweli kiwandani nako walichemsha. Lakini mtambo unaopika maelfu ya makopo kwa pamoja haupotezi joto kama linavyotupotea sisi pembeni mwa sufuria. Na makala yetu si makala ya bure. Sehemu yake inatoka kwenye miti ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya tangu 1970, makao ya sokwe wakubwa wasiopatikana nchi nyingine yoyote. Gunia linashuka mpaka Kadutu likiwa limefungwa kwa majani juu, nasi tunauliza bei tu.

Je, basi tuhamie kwenye makopo? Hapana, na sababu ni lile sanduku la wifi yako. Kopo linalokuja kwa meli, kisha kwa lori kutoka pwani hadi hapa, halibebi kaboni nyingi ya safari. Lori haliongezi hata gramu 100 kwa kopo moja. Ndege ni habari nyingine. Kutoka Bruseli hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 6,000, na kila kopo, pamoja na chuma chake, lina karibu nusu kilo. Kwa safari hiyo kila kopo limeacha angani zaidi ya kilo moja ya hewa ya kaboni. Kopo, nyanya zake na moto wake wote havifiki hapo. Usimwambie wifi kwa maneno ya kumuumiza, alikuja na moyo wake. Mwambie mara nyingine, nafasi hiyo ya sanduku alete kitu ambacho Bukavu hakipatikani: dawa za mzee, miwani, vitabu vya watoto.

Hebu nikueleze ninavyopika mimi, ili mzee apate supu yake na kijana atulie. Maharage yalale majini usiku kucha, hapo umeshapunguza makala. Yachemshe huku sufuria imefunikwa, bila chumvi na bila nyanya. Uchachu wa nyanya huyafanya maharage yagome kulainika, ukizitia mapema utachoma makala mpaka jioni. Yakishakuwa laini kabisa, kwangua nyanya nne au tano kwenye kikwangulio, ganda libaki mkononi, umimine uji wake ndani pamoja na kitunguu kilichokatwa vidogo sana. Funika tena. Dakika 15 zinatosha, kwa sababu moto tayari ulikuwepo na nyanya zimekwisha kuvunjika. Ponda kwa mwiko. Mwisho tia kijiko cha mawese na vijiko viwili vya unga wa sambaza. Nunua wale waliokaushwa bila chumvi, wakaange kidogo bila mafuta, wasage mzima mzima na mifupa yao. Kalisi iko humo. Kwa mzee kamulia ndimu mahali pa chumvi. Siku za mvua nyingi, ugonjwa wa ukungu unapoangamiza mashamba ya Kabare na fungu la nyanya linapanda bei, tumia tomati ya kopo moja dogo la gramu 70: ndani yake kuna karibu gramu 400 za nyanya mbichi. Chagua ile ambayo orodha yake inasema nyanya, na chumvi kidogo, basi. Ukiona neno amidon, huo ni wanga wa kuongezea uzito, rudisha.

SWALI: Mama, nauza nyanya Mudaka. Wakati wa kiangazi zinashuka bei mpaka nalia, nyingine zinaoza kapuni. Nimesikia Wazungu wanazifunga katika chupa na kuzila mwaka mzima. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, unaweza, ila hapa siwezi kukuachia ukisie. Aliyegundua kazi hii ni Mfaransa aliyeitwa Nicolas Appert, mtengenezaji wa pipi, na mwaka 1810 serikali ya nchi yake ikampa zawadi ya franka 12,000. Alitumia chupa za kioo, maji ya kuchemka na uvumilivu, ingawa hakuna aliyejua bado kwamba ni vijidudu vinavyoozesha chakula. Kopo la bati lilikuja mwaka huo huo huko Uingereza.

Nyanya ina bahati kwa sababu ni chachu, na kijidudu kibaya kuliko vyote, kile cha botulizimu kinachopooza mishipa, hakioti katika uchachu mkali. Lakini nyanya za siku hizi hazichachuki zote sawa, kwa hiyo huongezwa asidi. Tumia chupa za kioo za midomo mipana zenye vifuniko vipya. Kifuniko cha zamani chenye kutu au kilichopinda kitakudanganya. Osha chupa, zichemshe. Menya nyanya, zipike mpaka zichemke, kisha katika kila chupa ya nusu lita tia kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu yale ya kununua, ambayo ukali wake haubadiliki. Jaza, acha nafasi ya upana wa kidole juu, futa mdomo, funga. Zitumbukize zote katika sufuria kubwa ambayo maji yanazifunika juu, na chini kuna kitambaa ili kioo kisigonge chuma. Kuanzia maji yanapochemka vizuri, hesabu dakika 45. Vitabu vya pwani vitakuambia 35. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100, kwa hiyo tunaongeza muda.

Zikipoa, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikilia tik na kurudi, chupa hiyo haikujifunga, ile leo. Usitie kitunguu, pilipili mboga wala nyama humo ndani. Vinapunguza uchachu na dakika zangu 45 hazitoshi tena. Na makala hayo utakayotumia, yatumie kwa chupa nyingi mara moja. Kwa chupa tatu tu usianze.

SWALI: Mama, jambo. Ninaishi Panzi, nimeanza duka dogo. Niuze tomati ya kopo au ya pakiti? Na makopo yaliyobonyea ninayopewa kwa bei nafuu, niyachukue?

JIBU: Kijana wangu, nianze na yaliyobonyea. Kama limebonyea tumboni tu, kidogo, na halivuji, linaliwa. Kama limebonyea kwenye mshono, ule ukingo wa juu, wa chini au wa ubavuni, usilichukue. Kama limevimba, hata kama limevimba kidogo tu, usilifungue, usilionje, lizike. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa boksi la namna hiyo katika duka moja hapa mjini, na nilipotoboa la kwanza mchuzi uliruka mpaka kwenye dari. Jirani yangu alikuwa amekwisha kununua mawili. Nilikimbia kwake na mikono ile ile michafu, nikamkuta ndiyo anatafuta kisu.

Pakiti na kopo: pakiti ni nyepesi, na kiwandani ina kaboni kidogo kuliko kopo. Pale Ulaya wanakochoma taka au kuzikusanya ningekuambia uza pakiti. Lakini sisi tunaishi hapa. Pakiti hiyo ni plastiki na alumini zilizobandikwa pamoja, hakuna anayeinunua tena. Mvua ikinyesha inateremka Kadutu, inaingia mto Kawa, inaingia ziwani, na maji ya ziwa yanatoka kwa mto Ruzizi. Umesikia mara ngapi kwamba umeme umekatika kwa sababu taka zimeziba mitambo ya bwawa la Ruzizi? Pakiti yako ya franka chache iko humo. Tangu amri ya tarehe 30 Desemba 2017 mifuko ya plastiki imekatazwa nchini, nawe unaona ilivyo sokoni.

Chuma, hata kikitupwa, kinaliwa na kutu na kurudi udongoni, na kikikusanywa kinayeyushwa mara zisizo na idadi. Na lile bati jembamba linalong'aa juu yake, linatokana na kasiteriti, jiwe lile lile jeusi ambalo vijana wanalibeba migongoni kutoka mashimo ya Nyabibwe na Walikale. Linaondoka kwetu likiwa mchanga kwenye magunia, linavuka bahari, linarudi limepakwa kwenye kopo, nasi tunalitupa kwenye mtaro. Hilo linaniuma kila ninapoliona.

Kwa hiyo uza kopo. Agiza na makopo makubwa, ya gramu 400 au zaidi, halafu wapimie wateja kwa kijiko katika bakuli zao wenyewe, kama tunavyopimiwa unga kwa gigozi, lile kopo la kupimia. Kopo kubwa moja linatumia chuma kidogo kuliko madogo sita. Hamishia tomati katika chombo cha kioo, imwagie mafuta kidogo juu isiote ukungu, na uimalize kwa siku tatu au nne. Makopo matupu usiyatupe: weka gunia nyuma ya mlango, likijaa kawape mafundi wa mabati wa Kadutu, au nipigie mimi nije kuyachukua. Nina miche 60 ya maparachichi inayosubiri vyombo, na kila kopo nalitoboa matundu matatu chini kwa msumari.